Shamba dogo la maua endelevu: anza kwenye shada, rudi nyuma hadi kwenye udongo

Mtu anayetaka kuanzisha shamba dogo la maua lisiloharibu mazingira kwa kawaida hutaja kwanza suala la dawa: hatanyunyiza sumu, atatumia samadi, na hapo anaona amemaliza. Nia hiyo ni njema, ila inagusa sehemu moja tu ya jambo lenyewe. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza kililinganisha hewa ya ukaa iliyotokana na mawaridi 12,000 yaliyolimwa Kenya na kupelekwa Uingereza kwa ndege, na mengine 12,000 yaliyolimwa Uholanzi ndani ya mabanda ya vioo yanayopashwa joto. Ya Kenya yalitoa takriban kilo 6,000, ya Uholanzi takriban kilo 35,000. Matokeo hayo hayaisafishi ndege. Yanaonyesha tu kwamba umbali peke yake hautoshi kukuambia ua lipi limeilemea dunia. Kulima ua nje ya msimu wake, kwa kulilazimisha na joto na taa, kunaweza kugharimu kuliko safari ndefu.

Kwa mkulima mdogo lipo jingine linalosahaulika zaidi, na nalitaja mapema kwa sababu yote yanayofuata yameshikamana nalo: ua lililolimwa vizuri kisha likakosa mnunuzi. Zao la chakula likikosa soko huliwa nyumbani au huhifadhiwa. Shina la ua likishapita siku zake huishia kwenye lundo la mboji, na maji, mbolea, mbegu na jasho lililoingia humo havirudi. Ndiyo maana naamini shamba la maua linapaswa kupangwa kinyumenyume: unaanza na shada lililo mkononi mwa mteja, unarudi kwenye kuvuna, kisha kwenye tuta, na mwisho kwenye udongo.

Hesabu ya tuta moja

Chukua tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 15. Ukipanda zinia kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, unapata mistari mitano yenye miche 60 kila mmoja, yaani miche 300. Zinia ni ua la kukata na kusubiri tena: ukikata shina moja juu ya jozi ya majani, machipukizi mawili hutokea hapo. Tukadirie kwa tahadhari kwamba kila mche utatoa mashina matano yanayouzika katika kipindi cha wiki sita. Hayo ni mashina 1,500, sawa na 250 kwa wiki. Shada la mchanganyiko linaweza kuwa na mashina 15, na zinia zikiwa tano humo zimetosha. Kwa hiyo tuta hilo moja linahudumia mashada 50 kila wiki. Wanaoanza wengi hawana wateja 50, lakini wana matuta manne ya zinia.

Sasa geuza hesabu. Tuseme una uhakika wa kuuza mashada 20 kwa wiki, kwa wiki 12. Mashada 20 mara mashina 15 ni mashina 300 kwa wiki, au 3,600 kwa msimu. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya upepo, konokono, mashina mafupi na yale yaliyopinda, utafika 4,800. Ukichanganya maua yanayokatwa mara nyingi, yanayokatwa mara moja na majani ya kujazia, matuta sita hadi manane ya ukubwa ule yanatosha. Pamoja na njia za kupita, hilo ni eneo la mita za mraba 250 hivi, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya eka. Watu hushangaa wakiona idadi hii, na wengine hukata tamaa kwa sababu walishaota ekari. Mimi inanipa moyo. Eneo dogo unaweza kulipalilia kwa jembe la mkono, kulimwagilia kwa maji ya mvua yaliyokingwa, na kulijua tuta kwa tuta.

Aina ya mnunuzi ndiyo inayoamua utakachopanda. Anayepamba harusi anataka rangi maalumu kwa tarehe maalumu, na tarehe haiahirishwi kwa sababu mawingu yamekawiza matumba. Mwenye duka la maua anataka mafungu ya rangi moja, mashina marefu yaliyonyooka, ya sentimita 45 hadi 60, wiki baada ya wiki. Mteja wa kujiandikisha, anayelipia msimu mzima kabla haujaanza na kupokea shada kila wiki, ndiye anayemfaa zaidi anayeanza. Huyu hupokea kinachochanua wakati huo, na fedha yake huingia wakati mbegu zinanunuliwa. Nashauri njia moja kuu ya kuuzia na nyingine moja ya kupokea ziada. Njia ya ziada iliyo rahisi kuliko zote ni kukausha: statisi, gomfrena, selosia na maua makavu ya jamii ya helikrisamu hufungwa mafungu, hutundikwa kichwa chini mahali penye giza, joto na hewa, na huuzika miezi kadhaa baadaye. Ukiwa na mimea hiyo shambani, wiki mbaya ya mauzo haigeuki hasara moja kwa moja.

Kalenda ina uzito kuliko ardhi

Alizeti za kukata za shina moja, zile zisizotoa chavua, huchanua takriban siku 50 hadi 60 tangu kupandwa, na zilizopandwa siku moja hufunguka karibu zote ndani ya siku kumi. Ukipanda mbegu 400 kwa mkupuo utakuwa na wiki moja ya gharika na miezi ya ukame. Ukipanda mbegu 50 kila wiki, una alizeti msimu mzima. Mfululizo huu wa kupanda kidogokidogo ndio unaolifanya shamba dogo liishi. Zinia na kosmosi hazihitaji haraka hiyo. Kundi jipya kila baada ya wiki tatu au nne linatosha, kwa sababu miche ya zamani huendelea kutoa mashina, ingawa hupungua urefu na kuanza kushikwa na ubwiri. Tuta likizeeka, ling'oe bila huruma. Kuling'ang'ania tuta lililochoka kwa sababu bado lina maua machache ni kupoteza nafasi ya tuta lijalo.

Siku zinazoandikwa kwenye pakiti ya mbegu zisichukuliwe kama ahadi. Baridi huzirefusha, joto huzifupisha, na urefu wa mchana nao una usemi. Krisanthemamu huchanua usiku unaporefuka. Baadhi ya alizeti zikipata mchana mfupi zikiwa changa huchanua mapema mno, zikiwa bado fupi. Aliye karibu na ikweta, ambako mchana hukaa karibu saa 12 mwaka mzima, atafute aina zisizojali urefu wa mchana, na ajaribu mstari mmoja kabla ya kupanda tuta zima.

Katika uchaguzi wa mimea kuna kosa linalojirudia sana: kupenda maua na kusahau majani. Lichunguze shada zuri kwa makini. Kuna maua makubwa matatu au manne yanayovuta jicho, kuna yaliyosimama kama mishale, kuna madogo ya kusindikiza, na karibu nusu ya ujazo ni majani na vijitawi. Asiyelima majani hutumia maua kujazia, na shada lake humgharimu zaidi huku likionekana limebanwa. Mrehani wenye maua, nanaa, mchicha wa mapambo wenye vishungi vinavyoning'inia, nyasi za mapambo: hivi hukua kwa urahisi na hulipa kimyakimya. Kabla ya kuleta mmea mgeni, hakikisha hauko kwenye orodha ya mimea vamizi ya mahali ulipo, maana mmea mzuri wa shadani unaweza kuwa balaa ukitorokea porini.

Kama ardhi ni yako au una mkataba mrefu, tenga walau theluthi moja kwa mimea ya kudumu: mawaridi, vichaka vya majani, na maua yanayochipuka kila mwaka kutoka kwenye mizizi minene au viazi vyake vya ardhini. Pioni huchukua kama miaka mitatu kabla hujaanza kuikata kwa uhuru, na mawaridi nayo yanataka subira. Faida yake ni kwamba udongo chini ya mimea hiyo hauchimbuliwi kila msimu, wadudu wenye manufaa hupata makazi ya mwaka mzima, na mkulima hupata matuta yasiyohitaji miche mipya. Kwa ardhi ya kukodi kwa mwaka mmoja, achana na mimea ya kudumu, lima ya msimu.

Udongo, na hatari iliyomo kwenye samadi

Pima udongo kabla ya kununua chochote. Maua mengi ya kukata hustawi kwenye pH ya 6.0 hadi 6.8, na kuongeza chokaa au mbolea kwa kubahatisha ni kutupa fedha na pengine kuharibu. Kuna imani kwamba mbolea nyingi huleta maua mengi. Nitrojeni ikizidi, mmea hutoa majani mengi, mashina laini yanayoanguka na maua machache yanayochelewa, na vidukari hupenda sana majani hayo laini. Kwa udongo wa wastani, safu ya mboji iliyoiva ya sentimita mbili au tatu kila msimu inatosha kuanzia. Mboji hiyo ilaze juu ya tuta, usiifukie kwa kina. Kila unapopindua udongo unavunja njia za minyoo na kuvu wa mizizi, na unaziamsha mbegu za magugu zilizokuwa zimelala. Mwisho wa msimu kata mimea usawa wa ardhi na uiache mizizi yake ioze humo humo, isipokuwa kama ilikuwa na ugonjwa.

Samadi na nyasi kavu za kutandaza ni baraka, lakini zina hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Baadhi ya dawa za kuua magugu kwenye malisho, kama aminopyralid na clopyralid, haziwadhuru ng'ombe, hupita tumboni mwao na kutoka kwenye kinyesi zikiwa bado na nguvu, na huweza kudumu hata baada ya samadi kuozeshwa kuwa mboji. Alizeti, zinia, dalia na jamaa zao huathirika vibaya sana: majani hujikunja, ncha hupinda, na mmea hudumaa. Kuna jaribio la nyumbani linaloweza kukuokoa. Changanya samadi hiyo na udongo ulio salama kwenye vyungu vichache, panda maharage, na panda mengine kwenye udongo mtupu kwa kulinganisha. Baada ya wiki mbili au tatu, majani ya maharage yakijikunja kwenye vyungu vya samadi pekee, usiipeleke shambani. Jaribio hili halina gharama, nami naliona la lazima kwa kila shehena mpya.

Kwa udongo wa kitalu, epuka piti, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu. Huchimbwa kutoka ardhi oevu zilizohifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka, na hujijenga upya kwa milimita moja hivi kwa mwaka. Mboji iliyochekechwa ikichanganywa na nyuzi za nazi na mchanga hufanya kazi ileile, mradi uzoee kumwagilia kwa kipimo tofauti.

Maji nayo yahesabu kabla hujapanda. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta letu la mita za mraba 18 likihitaji milimita 25 kwa wiki ya kiangazi, hizo ni lita 450, na matuta manane ni lita 3,600 kila wiki. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 hukinga lita 2,500, ukiondoa zinazopotea njiani. Kwa hiyo unajua mapema tangi lako linabeba wiki ngapi. Mipira ya matone iliyolazwa chini ya matandazo hupeleka maji kwenye mizizi na kuacha majani na petali vikavu. Hilo lina maana kubwa kwenye maua, kwa kuwa kuvu wa kijivu anayeozesha matumba hustawi penye unyevu wa juu, na ua lenye doa haliuziki hata kama mmea wenyewe una afya.

Wadudu: hapa ndipo penye mtihani

Mnunuzi wa ua analipia uzuri, na jani lenye matundu humrudisha nyuma. Wakati huohuo ua ni mahali ambapo nyuki huja kula. Kwa hiyo dawa yoyote inayowekwa juu ya ua inawekwa kwenye sahani ya nyuki. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya nje ya imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam kwa sababu ya hatari kwa nyuki. Dawa hizo husambaa ndani ya mmea mzima hadi kwenye chavua na nekta, na wakati mwingine huja zikiwa zimepakwa kwenye mbegu au ziko ndani ya mche wa kununua. Uliza kabla ya kununua miche. Wala neno "asilia" lisikulaze: pareto huua nyuki kama inavyoua vidukari. Ukilazimika kunyunyiza dawa inayokubalika kwenye kilimo hai, nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamelala, na kamwe si juu ya maua yaliyofunguka.

Kinga hufanya kazi kubwa zaidi. Nafasi ya kutosha kati ya miche hupitisha hewa. Neti nyepesi juu ya dalia changa huwazuia mbawakawa. Kubadilisha jamii za mimea kwenye matuta hukata mzunguko wa magonjwa ya udongoni. Mistari ya bizari, giligilani na mimea mingine ya maua madogo huwalisha nzi wa maua na nyigu wadogo ambao watoto wao hula vidukari au hukua ndani yao. Mwaka wa kwanza utaona vidukari wakitangulia na walaji wao wakichelewa wiki mbili au tatu. Wiki hizo ni ngumu. Anayekimbilia dawa wakati huo huwaua wote wawili, na wanaorudi kwanza ni vidukari. Subira hapa haina maana ya kukaa: vioshe kwa maji ya kusukuma, kata ncha zilizojaa, na ukubali kupoteza sehemu.

Kisu, ndoo na saa ya kukata

Kazi ya miezi mitatu inaweza kupotea kwa asubuhi moja ya kuvuna vibaya. Kata alfajiri, mashina yakiwa yamejaa maji, au jioni joto likishapungua. Toa majani yote yatakayozama, na tumbukiza shina kwenye maji safi papo hapo. Ndoo ioshwe kwa sabuni kila mara, kwa sababu bakteria huziba mirija ya shina na ua hunyauka likiwa ndani ya maji. Kipimo cha usafi wa ndoo za maua kiwe kwamba ungekubali kunywa maji kutoka humo.

Kila ua lina hatua yake. Zinia shika shina sentimita 20 chini ya ua na ulitikise: shingo ikilegea bado changa, ikisimama imara kata. Alizeti kata petali zinapoanza kujiinua kutoka usoni. Gladiola kata ua la chini moja au mawili yakionyesha rangi, mengine yatafunguka ndani ya chombo. Kosmosi likatwe tumba linapoanza kuachia, dalia likiwa karibu limefunguka kabisa, maana tumba lake halifunguki tena baada ya kukatwa. Nyuki akishalichavusha ua, aina nyingi hudondosha petali mapema, ambayo ni sababu nyingine ya kuwahi. Kisha weka mahali pa baridi na kivuli, mbali na matunda yaliyoiva: matunda hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Baridi ya nyuzi 2 hadi 4 hufaa mawaridi na pioni, lakini zinia na mrehani huumia nayo. Kama huna chumba cha baridi, panga kukata karibu na saa ya kuuza.

Ua likishakatwa, lisifungwe kwenye uchafu mpya. Sponji ya kijani inayochomekwa maua imetengenezwa kwa plastiki, haiozi, na hukatika kuwa chembe ndogo zinazoingia kwenye maji. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, iliiondoa kwenye maonyesho yake mwaka 2021. Wavu wa waya uliokunjwa ndani ya bakuli hushika mashina vizuri na hutumika miaka mingi. Karatasi na uzi wa katani vinatosha kufungia. Kuhusu kitambaa cha plastiki cha kuzuia magugu nakiri kwamba wakulima wenye nia njema hutofautiana: kinaokoa mgongo na maji, ila nyuzi zake hukatikia udongoni kinapozeeka. Kwenye eneo dogo hili, matandazo ya majani makavu na palizi ya mapema, magugu yakiwa nyuzi tu, inawezekana kabisa, nami ningechagua hayo.

Jambo la mwisho la kuhesabu ni saa zako. Kukata, kusafisha, kupanga na kupeleka huchukua muda mwingi kuliko kupanda, na bei isiyolipa saa hizo italiua shamba hata kama udongo unanawiri. Andika kwenye daftari, tuta kwa tuta: tarehe ya kupanda, siku ya shina la kwanza, mashina yaliyokatwa, yaliyouzwa na yaliyokwenda kwenye mboji. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuambia tuta gani lipunguzwe mwakani. Kama una nusu eka na hesabu imekutaka mita za mraba 250, basi lima hizo, na sehemu iliyobaki imwagie mbegu za marejea (mmea wa kurutubisha udongo) au kunde, uzikate zinapoanza kuchanua na kuzilaza juu ya udongo hadi idadi ya wateja itakapokudai tuta jingine.